Neno la Mhariri: Faza kwenye ramani, Faza kwenye hesabu

Sensa ya 2019 ilipata watu 22,258 katika eneo bunge la Lamu Mashariki. Wadi ni tatu tu: Faza, Kiunga na Basuba. Lakini atokaye Faza, kisiwani, kwenda Kiunga hupanda chombo, na kusi likishika hungoja bahari itulie. Waboni wa Basuba nao wana barabara ya msituni ambayo kwa miaka usalama wake umekuwa wa mashaka.

Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na wabunge 17. Kwa wastani, kila mmoja anawakilisha zaidi ya watu 258,000, zaidi ya mara 11 ya wale wa Lamu Mashariki. Na si suala la uwakilishi peke yake. Fedha za mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge (CDF) kwa sehemu kubwa hugawiwa maeneo bunge sawa kwa sawa, kwa hiyo mama wa Embakasi aliyepanga foleni na fomu ya basari mkononi anagombea fungu dogo na umati mkubwa.

Katiba ya 2010 iliyaona haya. Kifungu cha 89 kinataka watu wote wagawanywe kwa maeneo bunge 290. Kwa sensa ile, kila eneo lingekuwa na watu 164,015. Mijini na palipo na watu wachache, inaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, kwingineko, 30. Kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920. Haitoshi eneo moja kamili, nayo ina mawili. Mwaka 2012 maeneo 27 ya aina hii yalisalimika kwa kuwa katiba iliyakinga, ila kinga ile ilikuwa ya mara moja tu.

Mipaka hupaswa kupitiwa upya kabla ya miaka 12 kwisha. Muda huo ulikwisha Machi 2024, na tume ya uchaguzi na mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025. Wako wanaofurahia ucheleweshaji huu, hata huku kwetu Pwani. Mimi siufurahii. Lamu Mashariki isibaki kwa sababu tu hakuna aliyekuwa ofisini kuifuta.

Fundo liko kwenye ile 290. Ukiongeza kiti Nairobi, lazima ukitoe kwingine, na cha kwanza kutolewa ni cha visiwani. Najua Wakenya wamechoshwa na mishahara ya wabunge. Nami nimechoka nayo. Hata hivyo nasema idadi hiyo ijadiliwe upya, peupe. Katiba ibadilishwe, Nairobi ipate haki yake, na bahari na umbali vitajwe kuwa sababu halali ya Faza kuwa na mbunge wake.

Rasimu ya tume ikifika wadini kwenu, nenda ukaisome. Kitafute kijiji chako kwenye ramani, kisha utoe neno lako kwa maandishi.