Koffi Olomidé na Sheria za Majirani
Sisi tukaao Kapolowe, penye reli iendayo Lubumbashi, ambao sauti ya mwimbaji Koffi Olomidé imetupambia arusi miaka mingi, hatuna budi kukiri ya kwamba serikali ya Kenya ilitenda haki Julai 2016 ilipomrudisha Kinshasa kabla hajapanda jukwaani, maadamu alionekana katika picha za video akimpiga teke mwanamke mchezaji wa bendi yake katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Zambia nayo, jirani yetu, ilitaka kumkamata mwaka 2018 kwa shutuma ya kumpiga mpiga picha mjini Lusaka mwaka 2012. Aghalabu husikitikiwa tamasha lililovunjika. Mimi namsikitikia yule mwanamke, ambaye ujira wake ulimtegemea bwana yule yule.