UKIPIGWA KWENYE GEMU KUBALI, SI KILA ANAYEKUSHINDA ANACHITI!

Kuna watu kwenye gemu za mtandaoni hawajawahi kupigwa kihalali. Wakishinda ni uwezo, wakishindwa mwenzao anachiti, na ndani ya dakika mbili jina lake limeshachafuliwa kila kona.

Wamkumbuke binti mmoja wa Korea Kusini. Mwaka 2016 alikuwa na shabaha kali mno kwenye Overwatch hadi wapinzani wakadai anatumia programu ya kulengea. Wachezaji wawili wa kulipwa wakatamba kwamba ikithibitika yuko safi, wao wanaacha gemu. Ushahidi? Hamna, ni kwamba walipigwa tu!

Ikabidi binti aende studio acheze laivu, kamera ikimulika mkono wake na mausi. Shabaha ikawa ile ile. Wale wawili wakajiondoa, na mwaka 2018 yeye akasajiliwa na Shanghai Dragons, akawa mwanamke wa kwanza kwenye Ligi ya Overwatch.

Wachitaji wapo kweli, na wanaudhi. Ndiyo maana kuna kitufe cha kuripoti: bonyeza, waachie wenye gemu wachunguze. Kumtangaza mtu mwizi bila ushahidi ni uonevu, maana anayetuhumu hapotezi kitu, anayetuhumiwa ndiye anahangaika kujisafisha, na si kila mtu atapata studio na kamera.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Je, wewe ukipigwa huwa unaripoti, au unachafua jina la mtu?