Mwanajeshi Akija Mtaani, Aje na Tarehe ya Kurudi

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane: sina shida na wanajeshi. Mafuriko yakija na wakatoa watu juu ya paa, nitawapigia makofi. Shida yangu ni karatasi inayowatuma.

Tarehe 25 Juni 2024, siku Bunge lilipovamiwa, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitoa tangazo kwenye Gazeti Rasmi kwamba KDF itasaidia polisi kote nchini. Kote. Hadi lini? Halikusema. Lilitegemea Kifungu cha 241(3)(b) cha Katiba. Hiyo herufi ya mwisho isome vizuri, maana mchezo wote uko hapo.

Herufi (b) ni ya dharura na majanga: jeshi linasaidia, Bunge la Taifa linapewa ripoti. Herufi (c) ni ya machafuko: jeshi linaweza kutumwa kurudisha amani, lakini lazima Bunge la Taifa liidhinishe. Sasa niambie, vijana wanaopinga Mswada wa Fedha ni mafuriko? Wabunge walipitisha kesho yake, amri ikiwa imeshatoka. Hiyo si idhini, hiyo ni risiti.

Tarehe 27, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikataa kuwarudisha kambini, lakini akaiagiza serikali itangaze ndani ya siku mbili kazi yao ni ipi, mipaka yao ni ipi na watakaa muda gani. Yaani mpaka jaji aulize!

Najua utasema, "Bunge lilichomwa, ulitaka serikali ikae tu?" Sikutaka ikae. Jengo likivamiwa Nairobi, linda jengo. Lakini hiyo si tiketi ya kutandaza jeshi kutoka Mombasa hadi Kisumu bila kusema mwisho.

Na tusijifanye wageni wa mambo haya. Kaskazini Mashariki waliishi chini ya sheria za dharura tangu 1963 hadi 1991. Februari 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti ya 2013, ilisema huenda idadi ikakaribia 1,000. Mwaka 2008 jeshi likatumwa Mlima Elgon kupambana na SLDF, na wenyeji wakabaki wakilalamikia mateso na kutafuta watu wao waliopotea.

Kwa hivyo masharti yawe mezani kabla buti halijagusa lami. Tangazo litaje eneo na siku ya mwisho. Mwanajeshi avae jina au namba inayosomeka. Akimshika raia, amkabidhi kwa polisi papo hapo, na saa 24 za Kifungu cha 49 zianze kuhesabiwa. Akimuumiza, kesi isikizwe na mahakama ya kiraia, si ya kambini. Na Kifungu cha 25 hakina mjadala: kumtesa mtu hakuruhusiwi, hata kuwe na moshi kiasi gani.

Mbunge wako akija kuomba kura 2027, usimuulize tu habari ya barabara. Muulize alisema nini Bungeni tarehe 26 Juni 2024. Kama alinyamaza, hiyo pia andika.