Farasi Mgeni Asipewe Jembe

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa binadamu ni sawa, kwa kuwa mgeni ana kinywa: akichoka atasema, akionewa ataaga. Farasi hana uwezo huo. Nawasihi wazazi wanaowanunulia watoto wao farasi wasiipeleke methali hiyo zizini.

Nawalenga hasa wenzetu wa Nairobi, ambako farasi wanaostaafu mbio katika uwanja wa Ngong hupata maskani mapya kwenye familia zenye watoto wanaopenda kupanda. Jambo hilo ni la kheri, na wanaolifanya nawapongeza. Farasi wa mbio huanza kazi akiwa na miaka 2 au 3, naye aweza kuishi miaka 25 na zaidi, kwa hiyo anapostaafu bado ana umri mrefu mbele yake. Ninachokipinga ni pupa. Farasi anashushwa garini leo, na wiki ijayo jina lake limo katika orodha ya mashindano ya kuruka viunzi! Mnyama huyu alilelewa kwenda shoti. Hatamu zikikazwa, yeye hudhani ameambiwa aongeze mwendo. Sasa anayezikaza ni mtoto anayetaka asimame. Wakianguka, nani alaumiwe?

Kisa cha Snowman wa Marekani kinafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1956, Harry deLeyer, mhamiaji kutoka Uholanzi aliyefundisha upandaji farasi katika shule moja ya wasichana huko Long Island, alimnunua farasi huyo kwa dola 80 akiwa tayari amepakiwa kwenye lori la kwenda machinjioni. Alikuwa farasi wa plau, mwili umejaa alama za kazi. Watoto wa deLeyer walimpokea na kumpenda, naye akapewa kazi ya upole ya kubeba wanafunzi wanaoanza. Baadaye deLeyer alimuuza kwa jirani. Snowman akawa anaruka ua na kurudi kwa deLeyer, mara kwa mara, hadi akarudishwa kabisa. Ndipo mafunzo ya kuruka yalipoanza kwa dhati. Mwaka 1958 alitwaa ubingwa katika Madison Square Garden, New York, na mwaka uliofuata akautwaa tena.

Ona mpangilio wa mambo katika nyumba ile. Kwanza farasi alipata kwao, kisha akapata kazi nyepesi, na kikombe kikaja mwisho. Kati ya lori na ubingwa ilipita miaka miwili. Sisi tunataka kuanza na kikombe.

Wapo watakaosema farasi ni ghali, anakula kila siku, na kumweka bila kushindana ni hasara. Hoja hiyo naielewa, maana gharama si ndogo. Lakini hasara kubwa ni ipi kuliko farasi aliyeteguka mguu kwa kuharakishwa, au aliyetishwa hadi akaogopa kila kiunzi? Huyo ataendelea kula vilevile, na uwanjani hatakwenda.

Kabla ya mashindano kuna mambo ya uhai. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili wake, na hawezi kutapika. Chakula kikibadilishwa ghafla, msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Muulize aliyekuuzia alikuwa akimlisha nini, kisha changanya kile cha zamani na kipya kwa siku saba hadi kumi. Mtenge na farasi wengine wiki mbili au tatu ili usilete maradhi bandani. Hakikisha amepata chanjo ya kila mwaka ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Pundamilia huubeba bila dalili, lakini farasi hufa nao, wala hauna dawa ya kuuponya. Usubi huuma zaidi tangu machweo hadi alfajiri, basi usimwache malishoni usiku.

Na kazi hii isiachiwe saisi peke yake. Saisi ni mwalimu mkubwa, na mtoto amwamkie kwa heshima na ajifunze kwake: kuokota mawe kwenye kwato, kupiga brashi, kupapasa miguu kila asubuhi kuona kama kuna joto au uvimbe. Mtoto aliyefanya hayo kwa miezi humjua farasi wake. Fito ikidondoka na kuhesabiwa makosa 4, atajiuliza yeye alikosea wapi kabla ya kunyanyua mjeledi. Yule anayekabidhiwa farasi aliyekwisha tandikwa, akateremka na kumwacha hapo hapo, amefundishwa kuamrisha tu. Hayo ni malezi mabovu, hata kabati la sebuleni likijaa riboni.

Basi wewe mzazi ambaye farasi mgeni yumo bandani mwako sasa, iweke kando ile fomu ya mashindano. Mwite daktari wa mifugo ampime, mwite fundi wa kwato, mtafute mkufunzi anayewajua farasi waliotoka mbioni, na yeye ndiye akuambie ni lini mwanao yuko tayari kuingia uwanjani. Akisema mwaka ujao, mkubalie.