Kutuma makuta si kuitika

Mu nyumba nyingi za Kolwezi, Fungurume, Likasi na Lubumbashi kuko ugomvi moja wenye kurudia kila mwezi. Bibi anasema: «Haunipendi tena.» Bwana anajibu: «Nilituma makuta, unataka nini tena?» Wote wawili wanasema kweli, lakini hawasikilizani: mumoja anauliza kitu hiki, mwenzake anajibu kitu kingine. Sisi wa ukurasa huu tunaona ugomvi huu si jambo dogo. Unavunja nyumba, unaacha watoto katikati, na unamufuata mutu mpaka mu posti ya usiku, mahali akili yote ingepaswa kuwa ku mashini na ku ukuta wa mugodi.

Wengi mu mitaa yetu wanasema mapendo ni bahati. Wengine wanasema ni dawa. Wengine tena, na hao njo wengi siku hizi, wanasema ni makuta tu: mwenye iko nayo anapendwa, mwenye hana anaachwa. Sisi tunakataa. Mapendo ina namna yake ya kuanza na namna yake ya kudumu, na namna hizi mbili hazifanani. Kile kinachowakutanisha watu si kile kinachowashika pamoja miaka 20. Nyumba nyingi za wafanyakazi zinaanguka juu watu wanachanganya vitu hivi viwili.

Namna moto unawaka

Tuanze na mwanzo. Watu wanafikiri wanachagua muchumba kwa macho ao kwa moyo. Mara nyingi wanamuchagua kwa mulango. Mu mwaka 1950, wataalamu watatu wa Marekani, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walitangaza uchunguzi walioufanya mu nyumba za wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT. Waliuliza kila mutu marafiki wake ni nani. Wa mulango kwa mulango njo walikuwa marafiki kuliko wote. Kila ukisogea mulango moja, urafiki unapunguka, na wale wa mwisho wa jengo walijuana kidogo sana. Kisha, mu 1968, Robert Zajonc akaonyesha kama kitu mutu anachokiona mara nyingi, hata bila kukifikiri, pole pole anaanza kukipenda.

Hii haitamushangaza mutu aliyekomaa mu kambi. Ni wangapi walioana na binti wa nyumba ya nyuma, ao na ule waliyekutana naye kila asubuhi ku robine? Walisema ni Mungu aliyewaunganisha. Hatukatai, lakini robine ilisaidia.

Kuko na moto mwingine, ule wa hatari. Mu 1974, Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio ku daraja ya Capilano, karibu na Vancouver, Canada: daraja ya kamba yenye kutikisika, juu sana ya mto. Binti moja alisimamisha wanaume waliokuwa wanapita, akawauliza maulizo, akawapa namba yake ya telefone. Kati ya wanaume 18 walioipokea pale juu, 9 walimupigia. Ku daraja ingine, ya chini na yenye nguvu, kati ya 16 walimupigia 2 tu. Wenye jaribio walieleza vile: moyo ulikuwa unapiga juu ya woga, na mwenyewe akafikiri unapiga juu ya binti.

Wanaochimba kwa mikono watafahamu mbio. Mutu anatoka mu shimo yuko muzima, mawe imeuzwa, makuta iko mu mufuko, wenzake wanaimba. Jioni ile kila sura inaonekana nzuri. Hatusemi kama mapendo ya hivi ni uongo. Tunasema tu kama moyo unaopiga haujui kueleza kinachoupigisha. Kijana anayetaka kuoa juma ile ile, kwa moto ule ule, afazali angoje siku ya kawaida, siku haina hatari wala makuta, aone kama bado iko na la kusema na ule binti. Na binti naye angoje siku ile, aone kama bado anasikilizwa.

Kile Union Minière ilifahamu

Ukaribu njo ulijenga hata miji yetu. Mwanzoni, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa inaleta wanaume pekee yao, kwa kontra fupi, wengi wakitoka mbali. Walikuwa wanagonjwa, wanakimbia, wanarudi kwao, na kampuni inaanza tena kutafuta wengine. Mwisho wa miaka ya 1920 ikageuza mupango: kontra ya miaka tatu, nyumba ya mutu na bibi yake, posho ya bibi na ya watoto, nyumba ya kuzalishia, hata kusaidia kijana kulipa mali ya kuoa. Haikufanya vile kwa huruma. Ilifanya juu ya shaba, na ilichunga kambi kwa mukono mugumu. Lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli: mutu mwenye kulala karibu na wake anadumu ku kazi.

Mupango ule ulifundisha pia kitu kingine, na mpaka leo tunakilipa: ulifundisha kama baba ni posho. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alieleza historia ile mu kitabu chake cha 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père. Kampuni ilikuwa baba wa wote, na baba wa nyumba alikuwa anapata heshima yake kupitia kampuni. Gécamines ilirithi kambi, ikarithi na mawazo ile.

Kisha ikaanguka. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, miaka iliyofuata uzalishaji ulishuka sana, mishahara ikakawia miezi na miezi, na mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatoka kwa ile «départ volontaire». Mu nyumba, mama njo alitoka asubuhi kuuza mukate, makala ao maharagi. Wengi wetu tunakumbuka. Kuko nyumba zilizovunjika, na kuko nyumba zilizobakia zimesimama na bukari ya mara moja kwa siku. Makuta peke yake haiwezi kueleza tofauti ile, juu wote waliikosa. Pale bwana alikuwa anajua kuleta posho tu, posho ilipokwisha alikosa neno la kusema mu nyumba yake mwenyewe. Pale kulikuwa kitu kingine kati yao, kile kitu kiliwabeba.

Kuitwa na kuitika

Kitu kile ni nini? Jibu moja lilianza kutafutwa hapa karibu na sisi, Uganda. Mu miaka ya 1954 na 1955, Mary Ainsworth alitembelea vijiji vya karibu na Kampala, akaangalia mama 26 na watoto wao wadogo, namna mutoto analia na namna mama anaitika. Aliona kama mutoto mwenye kujua mama yake anasikia na atakuja, hamushiki nguo siku nzima. Anatambaa, anaenda mbali, anacheza, kisha anarudi. Mwenye hana hakika njo analia na kushikilia. Muganga Mwingereza John Bowlby alikuwa amefundisha kama mutu anabeba haja hii maisha yake yote, si mu utoto tu.

Mu 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver walijaribu mawazo ile ku mapendo ya wakubwa. Walipitisha maulizo mu gazeti moja la Denver, Marekani, na watu zaidi ya 600 wakajibu. Zaidi ya nusu walisema wanakaa na mupenzi kwa amani. Karibu mutu moja kati ya wanne alisema ukaribu unamuchokesha, anapenda kujitenga. Karibu moja kati ya watano alisema anaogopa kila saa kuachwa.

Sasa tuweke wawili wa mwisho mu nyumba moja, na tumupeleke bwana mu kambi ya kampuni kwa majuma nzima. Bibi anapiga simu mara tano. Bwana anaona ni kuchungwa, anazima simu apumzike. Bibi anaona simu imezimwa, anafikiri kuko «deuxième bureau», anapiga mara kumi. Kila mumoja, kwa kujilinda, anamutia mwenzake woga ule anaoogopa. Pale hakuna lazima ya uchawi wala ya jirani mubaya. Kuko watu wawili tu wenye woga mbili tofauti, na network mubaya kati yao.

Dawa yake ni ndogo mpaka watu wanaizarau. Huko Seattle, John Gottman na wenzake waliwaalika watu waliotoka kuoana, wakawaweka mu nyumba moja yenye kamera, wakaangalia vitu vidogo: mumoja anaonyesha kitu dirishani, anaugua kidogo, anauliza habari. Mwenzake anageuka na kujibu, ao anabakia kimya? Kisha miaka sita wakahesabu. Wale waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitika mara 86 kati ya 100. Wale waliotengana walikuwa wameitika mara 33.

Mu mila yetu, mutoto akiitwa na asiitike, tunasema hana adabu. Lakini mutu mukubwa anaitwa na bibi yake, «leo mutoto alianza kutembea», na anajibu «mmm», macho iko mu mupira. Hiyo mmm haivunji nyumba. Mmm za miaka kumi zinaivunja.

«Mapendo bila makuta ni njaa»

Tunasikia mama moja akisema: bana gazeti, mutoto hakuli maneno matamu. Iko na haki. Bwana mwenye kuzungumuza vizuri na kunywa mushahara wote mu nganda, hapendi mutu. Makuta inayotumwa ku wakati ni namna moja ya kuitika, na mwanaume aliyeshinda chini ya ardhi juu ya watoto wake amesema kitu kikubwa bila kufungua kinywa. Bibi anapaswa kulisikia neno lile, na kulishukuru kwa sauti. Wengi hawashukuriwi hata mara moja.

Lakini kitu kinachotumwa kinajibu haja ya nyumba. Hakijibu haja ya mutu. Mwanamuke mwenye kupokea mushahara wote na kukosa wa kumuuliza «ulilala namna gani?» iko mujane mwenye bwana. Na mwanaume mwenye kupigiwa simu ku tarehe ya mushahara tu, atafikiri yeye ni benki. Siku atakapopata mahali pengine mutu wa kumuuliza habari yake, hatatambua hata kama amepotea. Atafikiri amefika kwake.

Tunaomba nini

Kwa mabwana: piga simu siku haina sababu. Dakika tano, bila hesabu ya masomo wala ya nyumba. Kama umechoka, sema «nimechoka, nitakupigia kesho asubuhi», na asubuhi upige kweli. Simu iliyozimwa bila neno inaumiza kuliko neno fupi.

Kwa mabibi: mutu akitoka mu posti ya usiku, mumuache alale kwanza. Matatizo ingoje bukari. Na musimuulize makuta mbele ya kumuuliza afya.

Kwa wakwe na ndugu: muache kumupigia muke wa mutoto wenu kila siku kuuliza kama mushahara umeingia. Munafanya nyumba ya watu kuwa gishe.

Kwa kampuni na kwa wajumbe wa wafanyakazi: saa ya jamaa iingie mu mazungumuzo, sawa na kofia na buti. Tarehe za kurudi nyumbani zijulikane mbele na ziheshimiwe. Kambi iwe na mahali pa kupigia simu bila watu kumi kusikiliza. Watu wa zamani, na ukali wao wote, walijua kama mufanyakazi anakuja na nyumba yake nyuma yake. Leo kampuni nyingi zinataka mukono wa mutu tu, na nyumba yake wanamuachia yeye. Kama mazungumuzo ya mwaka huu itapita bila neno hili, wajumbe watueleze juu ya nini.

Mengine hayangoje mazungumuzo. Ni leo jioni, kisha posti, mwenzako akisema neno dogo ambalo halina maana: geuka, muitikie.