Kipimajoto: Bei Isiwe Kigezo cha Kwanza

Vipimajoto vya infraredi, vinavyoelekezwa kwenye paji la uso bila kumgusa mtu, vilizoeleka milangoni mwa ofisi nyingi baada ya korona kuingia nchini Machi 2020. Mwenye duka la dawa anayevipeleka Lugarawa, wilayani Ludewa, atazame mambo mawili kabla ya bei.

Kwanza ni aina. Kifaa cha mafundi, cha kupimia injini na majokofu, huweza kukosea hata nyuzi 2. Kutoka joto la kawaida la 37 hadi homa ya 38 ni nyuzi 1 tu. Hakifai hata kikiuzwa nusu bei. Anunue kilichosajiliwa na TMDA.

Pili ni baridi. Kifaa husoma joto la ngozi. Mtoto aliyebebwa kwenye ubaridi wa asubuhi ya Julai huweza kusomeka 36 huku homa ya malaria imeanza. Atulie ndani kwanza, na kifaa kizoee chumba kwa dakika 10 hadi 30. Shaka ikibaki, kipimajoto cha kwapani kitumike.

Muuzaji asiyemweleza mteja hayo hupata faida leo. Hasara humfuata mgonjwa nyumbani.