Bango kamba mbili, mtu kamba moja

Jumanne asubuhi, Kariakoo, sio mbali na Mtaa wa Msimbazi, nilikuta bango la duka linapandishwa ghorofa ya tano. Bango la maana: fremu ya chuma, herufi kubwa, taa ndani yake. Na walilitunza hasa. Pembe zote nne walizivisha vipande vya godoro lisije likachubuka. Juu lilishikwa na kamba mbili nene, kila kamba na watu wake paani. Chini vijana wawili walikamata kamba ya tatu kulivuta mbali na ukuta, upepo usije ukaligongesha.

Ubavuni mwa bango hilo, drili mkononi, alining'inia kijana mmoja kwa kamba moja ya manila. Imezungushwa kiunoni, ikapigwa fundo, ikapanda hadi kwenye ukingo wa zege wa paa, ikapotelea huko. Ukingo ule haukuwekewa hata kipande cha godoro. Kila kijana alipojisukuma kwa miguu kufikia tundu jingine, kamba ilisugua zege na chokaa ikadondoka juu ya vichwa vya wapita njia. Kofia ngumu hakuwa nayo. Miguuni alivaa kandambili.

Nikamtafuta msimamizi. Alikuwa kivulini anaongea na simu.

"Mkanda wa usalama wa huyu kijana uko wapi?"

"Mzee, huyu ni mzoefu. Kamba itashika."

Wasomaji wangu mmeshamtambua. Ni Bwana Itashika, jina ninalompa kila msimamizi wa aina hii, yule yule niliyemwandika kwenye ngazi za soko na waya za jenereta, sasa amehamia kwenye mabango. Mnaniandikia kwamba yuko Mwanza, yuko Mbeya, yuko hadi Moroni. Mimi nimechoka kukutana naye.

Nikamuuliza kamba imefungwa wapi huko juu. Akajibu bila wasiwasi: kwenye tangi la maji. Tangi la plastiki! Sikiliza, ndugu msomaji. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji, na huenda hilo ndilo linalompa Bwana Itashika imani yake. Lakini asubuhi ndiyo saa ya wapangaji kuoga, kufua na kudeki. Kila bomba linalofunguliwa linapunguza ile tani, na kijana bado ananing'inia. Mama anayesuuza nguo ghorofa ya tatu hajui kwamba anamwaga uzito uliobeba roho ya mtu.

Kutoka pale alipokuwa hadi lami ni kama mita 15. Mtu akiachia hapo anafika chini kabla sekunde mbili hazijaisha, kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa. Uzoefu wake utamsaidia nini katika sekunde hizo?

Alipoteremka alinisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo baba", huku anapangusa vumbi la saruji machoni. Viganja vilikuwa vyekundu. Yeye ni deiwaka: hana mkataba, na msimamizi hata jina lake la pili halijui. Analipwa taa za bango zikiwaka.

Msinitumie ujumbe wa kwamba vijana wetu ni wabishi, hawapendi kuvaa vifaa. Nimeusikia sana na siukubali. Kijana hakuletewa mkanda akaukataa. Kosa hili ni la mwenye jengo, na nitasema hivyo tena na tena hadi ieleweke. Amepandisha maghorofa, ameyavika vioo na bati za rangi, amepangisha kila futi ya ukuta kwa matangazo, na hakuna mahali hata pamoja paani pa mtu kujifungia. Alijua vioo vitaoshwa. Alijua rangi itababuka, mabango yatabadilishwa kila biashara ikibadilika, viyoyozi vitaharibika. Alidhani ni nani atakayepanda, na ashike nini?

Kinachotakiwa kinajulikana. Vishikizo vya chuma vilivyofungwa kwenye zege la jengo lenyewe na kupimwa, siyo kwenye tangi, siyo kwenye vyuma vya baraza. Kamba mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, kila moja na kishikizo chake, na kitu cha kuzikinga zinapopita ukingoni. Mkanda wa mwili mzima, maana ule wa kiunoni humkata mtu tumbo anapodakwa. Na awepo wa kumwokoa upesi, kwa sababu aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogea damu humjaa miguuni, naye anaweza kufa hivyo hivyo, hajagusa ardhi. Uingereza kanuni zao za kazi za juu za 2005 hazisubiri urefu wowote: pakiwa na uwezekano wa mtu kuanguka akaumia, ni kazi ya juu. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na wakala wa kuisimamia tunao. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nao upo. Lakini fidia ya deiwaka adaiwe nani? Kwenye karatasi hakuwahi kufika pale.

Na hatari haiishii kwa fundi. Hata mabango ya zamani yanaachwa vibaya. Biashara ikihama, fremu inang'olewa, bolti zinabaki ukutani na matundu yake wazi. Kwa mji wetu huu wenye upepo wa chumvi kutoka baharini, maji yanaingia, nondo inapata kutu, kutu inavimba na kulisukuma zege hadi linapasuka. Kisha kipande kinamwangukia muuza machungwa aliyekaa chini. Angalia juu ukipita Uhuru au Samora, utaona makovu hayo ukuta baada ya ukuta.

Machi 29, 2013, ghorofa lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36, nchi nzima ilisimama. Novemba 2024, jengo lilipoanguka hapa hapa Kariakoo, serikali iliunda timu ya kukagua maghorofa. Ilikuwa haki. Ila mtu akianguka peke yake haundiwi timu. Linaitwa gari, panamwagiwa maji, duka linafunguliwa saa nne kama kawaida.

Ada ya bango hukadiriwa kwa ukubwa wake. Kila futi inahesabiwa! Basi atakayeomba kibali aulizwe pia nani atalifunga, amejifunga wapi, na nani atamlipa akiumia. Asiye na jibu asipewe kibali. Na mwenye jengo asiye na vishikizo paani anyimwe mabango kabisa, hata ukuta wake ukae mtupu miaka kumi.

Na wewe mpangaji unayetaka jina la duka lako lionekane toka mbali, usijifanye hayakuhusu. Hiyo kazi umeiagiza wewe. Kabla hujatoa hata shilingi ya kutengeneza bango, mwambie mwenye jengo akupandishe paani akuonyeshe kwa kidole mahali fundi atakapofunga kamba zake mbili. Akianza kukupigia hadithi, rudi na fedha zako.